Chai ya Kupunguza Tumbo Sitawauzia



Wiki mbili sasa inboksi yangu ina swali moja tu, linabadilisha nguo na kurudi. "Siz, unapaka nini kwa uso?" "Lile tumbo lilienda wapi?" "Hiyo ngozi ni ya krimu gani, wacha kutuficha." Kuna mmoja ameandika kwa herufi kubwa tupu: SEMA TU NI CHAI GANI.

Na vile nyinyi mnauliza ni chai gani, wenye chai nao wamenipata. Shilingi 25,000 kwa video tatu. Maneno ya kusema wameshaniandikia: nimekunywa siku 28, nishike tumbo, nitabasamu, nioneshe pakiti. Hiyo chai sijawahi hata kuinusa. Jina lao nawaachia wenyewe. Lakini mjue kwamba kwa mtu anayelipa bedsita Zimmerman na kununua bando kila siku, 25,000 si pesa ya kuchekea. Nimewaambia hapana. Wacha niwaeleze kwa nini, na nijibu swali lenu pia, maana nikinyamaza mtaenda kuinunua kwa mtu mwingine.

Kwenye picha ya pakiti waliyonitumia nilisoma orodha ya vitu vilivyomo. Cha kwanza: majani ya sena. Sena ni dawa ya kuharisha. Si siri, inauzwa kemisti kwa watu waliofunga choo, na kwa kazi hiyo inasaidia. Shida ni kwamba inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na ile chapo madondo uliyokula lunch ilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla haijafika huko. Kinachotoka ni maji, chumvi za mwili, na mzigo uliokuwa unatoka kesho tu. Unapanda mizani, imeshuka kilo moja na nusu, unashangilia. Ukinywa maji imerudi. Mafuta ya mwili hayajaguswa. Na ukiendelea wiki baada ya wiki, potasiamu inashuka, na potasiamu ndiyo inasaidia moyo kupiga sawasawa. Hiyo ndiyo "detoksi" mnayonunua. Kutoa takataka mwilini ni kazi ya figo na ini, na hizo zinaifanya bure usiku na mchana.

Sasa mtasema, "Lakini tumeona picha za kabla na baada." Manze, hapa ndipo naongea kama mtu wa kazi yangu. Mimi hulipwa kupiga na kuediti video. Nipe dakika ishirini na taa moja nitakutengenezea miezi mitatu ya dayeti.

Nilimfanyia dada yangu mdogo hiyo kitu akiwa nyumbani likizo, makusudi, ili aone kwa macho yake. Nilikula chipsi na soda kwanza, tumbo likajaa. Nikazima taa zote nikabaki na balbu ya dari, kwa sababu mwanga ukitoka juu kila mkunjo unaweka kivuli. Nikaachilia mabega, nikasukuma tumbo mbele, nikakasirisha uso. Hiyo ndiyo "kabla". Halafu nikasogea dirishani, mwanga laini unakuja usoni moja kwa moja, nikapaka mafuta kidogo, nikavaa suruali inayopanda juu ya kitovu, nikavuta pumzi, nikasimama wima na kugeuka kidogo pembeni. "Baada." Hapo sijaweka filta. Sijagusa kitufe hata kimoja cha kulainisha ngozi, na simu nyingi siku hizi zinalainisha uso zenyewe kabla hujaziomba. Dada yangu aliangalia hizo picha mbili kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo wale wote ni waongo?" Si wote. Lakini kwa picha peke yake huwezi kujua ni nani.

Ndiyo maana pia sitawaambia nina kilo ngapi wala nilipunguza ngapi. Najua mnataka namba. Lakini najua pia kuna msichana wa miaka 15 anasoma hapa, na nikitaja namba ataenda kupanda ile mizani ya shilingi kumi ya barabarani pale tao, alinganishe na yangu, na arudi nyumbani asikule supper. Mwili wa mtu mzima unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa siku moja kwa ajili ya maji, chumvi na chakula kilicho tumboni. Wasichana mnajua pia vile wiki ya periodi inavimbisha kila kitu. Na mtu wa miaka 15 bado anajengwa: mifupa, nyonga, kila kitu. Kuongeza kilo ni sehemu ya kazi ya huo umri.

Tukija kwa ngozi, hiyo stori ni ya dada yangu, na ameniruhusu niisimulie bila jina. Ako kidato cha tatu, shule ya bweni. Chunusi zilimwanza form two, mashavu yote na paji la uso. Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Shangazi alisema apake asali. Mjomba alisema ni kwa sababu anapenda wavulana, sijui hiyo sayansi aliitoa wapi. Shuleni msichana mmoja akamuuzia kikopo kidogo cha krimu, hakina lebo, kimetoka kwenye kistoo fulani huko tao. Kwa wiki mbili uso ukawa kama yai. Laini, chunusi zimelala, na rangi imeng'aa. Alinipigia simu kwa mwalimu wa zamu akiwa amefurahi sana.

Likizo ya Agosti alikuja na uso mwekundu, unawasha kama umepakwa pilipili, na vipele vidogo vidogo mdomo wote kuzunguka. Krimu ilikuwa imeisha. Kila akiiacha uso unawaka, kila akiipata tena unatulia. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, na yule daktari hakuhitaji hata dakika tano. Alimuuliza tu, "Kikopo hakina jina, sivyo?" Ilikuwa na steroidi kali ndani. Steroidi ni dawa halali, daktari anaweza kukupa kwa ukurutu kwa siku chache, kiasi kinachojulikana. Lakini ukiipaka usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, na ukiiacha ghafla inalipiza kisasi. Ilimchukua dada yangu miezi kutulia. Alilia sana zile wiki za kwanza, na alikataa kurudi shule siku ya kufungua. Mathe alimbeleza hadi saa nane mchana ndipo akakubali kutoka kwenye nyumba, akiwa na skafu hadi machoni.

Na huyo alibahatika, kwa sababu kilikuwa ni steroidi. Vikopo vingine huwa na zebaki. Naam, ile madini ya kwenye vipimajoto vya zamani. Inazuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana unang'aa, lakini inapita kwenye ngozi inaingia mwilini na kuharibu figo na neva. Dunia nzima inajua: kuna Mkataba wa Minamata, umeitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na chini ya mkataba huo vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki vilitakiwa viwe vimeacha kutengenezwa na kuuzwa nje na kuingizwa nchini kufikia 2020. Bado vipo. Kwa hivyo mtu akikuuzia krimu bila orodha ya vilivyomo, na inafanya kazi kwa siku kumi, hiyo haraka yenyewe ndiyo ya kuogopa.

Basi chunusi hutoka wapi? Wacha niseme kwa lugha ya mtaani. Ukifika umri wa kubalehe homoni zinaamka, za kiume kwa wavulana na wasichana wote. Zinaambia tezi za mafuta za ngozi zifanye kazi ovataimu. Mafuta yanachanganyika na seli zilizokufa, kitundu kinaziba, bakteria wanaoishi hapo kila siku wanapata karamu, mwili unatuma askari, unapata uvimbe mwekundu. Uchafu hauhusiki sana. Ndiyo maana kusugua uso na sabuni ya kufulia mara nne kwa siku hakusaidii, kunakausha tu na kuwasha. Dada yangu alikuwa anafanya hivyo shuleni kwa sababu wenzake walimwambia hanawi.

Chakula je? Hapa watu wamegawanyika, wengine wanasema chakula hakihusiki kabisa, wengine wanakuambia uache kila kitu hadi ubaki na matango. Nilichopata ni hivi. Mwaka 2002 watafiti walichapisha ripoti ya kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Waliangalia watu 1,200, wakiwemo vijana 300 wa umri ule wa chunusi, na hawakupata mwenye chunusi hata mmoja. Wale watu walikuwa wanakula viazi vya mizizi, samaki, nazi na matunda. Lakini hapo huwezi kujua, labda ni damu yao tu. Halafu 2007 kule Australia wakachukua vijana wa kiume 43 wenye chunusi, miaka 15 hadi 25, wakawagawa. Kundi moja wakala chakula kisichopandisha sukari ya damu haraka, na protini zaidi, kwa wiki 12. Chunusi zao zilipungua kuliko za wenzao. Walipungua pia uzito, kwa hivyo si rahisi kusema ni kipi kilifanya kazi, lakini njia inaeleweka: sukari ya damu ikiruka, insulini inaruka nayo, na insulini nyingi inachochea zile tezi za mafuta.

Kwa hivyo chakula kinaweza kusaidia. Hakiponyi kila mtu. Kuna watu wanakula vizuri kuliko mimi na wana chunusi, ni homoni na familia. Kama ni wewe, kuna dawa za kweli kemisti, kama benzoili peroksaidi, na kuna madaktari. Na kama wewe ni msichana, chunusi zimekuja pamoja na periodi zinazoruka miezi na ndevu kidogo kidevuni, usipake kitu, nenda upimwe homoni.

Ile kitu inaniudhi kwenye mambo ya chakula ni vile tumeambiwa afya inatoka supamaketi, rafu ya juu, pakiti yenye maandishi ya kizungu. Kinoa. Bluberi. Unga wa kijani wa elfu tatu. Juzi nimeona mtu wa Nairobi, Nairobi hii yetu, anafundisha watu kutengeneza saladi ya "kale" kama amegundua kitu. Bana, hiyo ni sukuma wiki! Ni ukoo mmoja kabisa, majani yaleyale ya familia ya kabeji. Mama mboga wangu anaikata bure nikimpa ishirini, na ananiita kastoma na kuniongezea dhania.

Hebu nikuoneshe ninachokula siku ya kawaida, siku ya kazi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na ngwaci, au mkate wa rangi ya kahawia nikiwa nimechelewa. Mchana ni kibanda. Na kibanda si adui, ni namna unavyoagiza. Githeri ya kibanda ni chakula cha maana sana: mahindi yana upungufu wa kitu fulani kwenye protini ambacho maharagwe yanacho, na maharagwe yana upungufu ambao mahindi yanaziba. Shosho hakusoma hiyo popote na alituwekea hivyo miaka yote. Ndengu, madondo, njahi, hizo zote hupandisha sukari ya damu polepole na zinakaa tumboni, husikii njaa saa kumi. Naongeza avokado nusu. Kenya ni moja ya nchi zinazouza avokado nyingi zaidi nje katika Afrika, wazungu wanaikula na toast kwa bei ya ajabu, na sisi tunaiona ni ya kujaza sahani. Jioni ni ugali mdogo, mboga nyingi, na omena au yai. Omena inaliwa na mifupa yake yote, hapo umepata kalsiamu bila kununua kidonge.

Ndio, nimesema ugali. Kila wiki mtu ananiambia "acha ugali uone tumbo likiisha". Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo Wakenya, walichapisha walichopata baada ya kufuata wakimbiaji kumi wakubwa wa Kenya kwa wiki moja na kupima kila kitu walichokula. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwa wanga, na ugali ulikuwa pale mbele. Wewe na mimi hatukimbii kama wao, kwa hivyo sahani yetu haiwezi kuwa mlima kama yao, hiyo nakubali. Mimi hutumia ngumi yangu kupima. Lakini ugali wenyewe hauna dhambi.

Ukitaka mahali kilo zinapojificha, angalia chai na angalia mafuta.

Chai kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Sasa hesabu. Kijiko kimoja ni gramu 4 hivi. Nyumbani kwetu kikombe kinaenda vijiko viwili, na siku ya baridi ni vikombe vinne. Hiyo ni gramu 32, na bado hujagusa mandazi. Soda ya nusu lita peke yake ina takriban gramu 50. Nilipunguza sukari ya chai nusu kijiko kila wiki mbili, polepole hivyo, na ulimi ukazoea. Mathe alipokuja kunitembelea alionja chai yangu akauliza kama nimefutwa kazi.

Mafuta ya kupikia sasa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini ni 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi. Angalia vile tunakaanga sukuma mtaani: mtu anamimina akihesabu na macho, mboga inaogelea, kisha tunalaumu ugali. Sikuambii uache mafuta, vitamini A ya sukuma inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Mimi niliacha kumimina kutoka kwa chupa, napima na kijiko. Ni mabadiliko madogo hivi kwamba siwezi hata kuyatengenezea video.

Smocha bado nakula. Ijumaa, pale stage, na kachumbari ya kutosha. Mtu asinifuate hapa kunikamata.

Mazoezi. Jimu iliyo karibu na kwangu ni 3,000 kwa mwezi na wanaume wanaangalia vibaya, kwa hivyo mimi na jimu hatujuani. Ninashuka matatu stage moja mapema jioni na kutembea haraka, kama dakika thelathini hadi nyumbani, siku tano kwa wiki. Zidisha: ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini Shirika la Afya Duniani linataka kwa mtu mzima. Kwa wale wa miaka 17 kurudi chini ni saa moja kila siku, lakini mpira, kamba, kudansi, kubeba maji, zote zinahesabika.

Kwa msichana, kutembea Nairobi jioni si jambo la kuambiwa tu "tembea". Kuna simu ya kunyakuliwa, kuna watu wa kukupigia miluzi, kuna giza. Napita barabara yenye maduka, simu iko ndani ya nguo, na masikioni sina kitu. Giza likiingia mapema au nikisikia vibaya, napanda juu ya ploti, pale paa tunaanika nguo, naruka kamba dakika kumi na tano. Tatizo ni jirani wa chini, ghorofa ya tano, alifikiri ni tetemeko. Keateka alipanda na rungu. Sasa tumeelewana: naruka kabla ya saa mbili usiku, na ninaruka juu ya kipande cha zulia kuukuu.

Msifikirie mazoezi ndiyo yanapunguza kilo peke yake, ingawa. Nusu saa ya kutembea haraka kwa mtu wa kilo 65 hivi ni kama kalori 120 hadi 150. Soda moja ya nusu lita ni kama 200. Umeona? Umefuta matembezi yako kwa dakika mbili, ukiwa umesimama kwa kioski. Na zile sit-up mia hazitoi mafuta ya tumbo mahali yalipo. Zinajenga misuli chini ya mafuta, basi, na mwili unaamua wenyewe utatoa mafuta wapi kwanza. Wangu ulianza na mashavu. Sikuulizwa. Kile mazoezi yamenipa kwa uhakika ni usingizi, na mgongo umeacha kuuma, maana kazi yangu ni kukaa na laptop hadi masaa kumi.

Usingizi wenyewe unaguswa sana na hii mambo ya uzito na hakuna mtu anauza chai yake. Mwaka 2004 kule Chicago walichukua vijana wa kiume 12 wenye afya, wakawalaza saa nne tu kwa usiku mbili, na wakati mwingine wakawaacha kitandani saa kumi. Walipolala kidogo, homoni ya njaa ilipanda, ile ya kushiba ikashuka, na hamu yao ikaenda kwa vitu vitamu na vya wanga. Ukikesha na simu hadi saa nane usiku, halafu kesho yake unatamani mandazi kama mtu aliyerogwa, sasa unajua ni nani aliyekuroga.

Dada yangu yuko sawa. Daktari alimpa dawa ya kupaka usiku na akamwambia vitu vitatu: asibonyeze chunusi, apake losheni ya kukinga jua asubuhi kwa sababu jua linayafanya yale madoa meusi yawe meusi zaidi, na mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Huyo wa tatu ndio ulitushangaza. Alikuwa anapaka ile jeli nzito ya nywele kila asubuhi na chunusi za paji la uso zilikuwa zimepanga laini pale pale nywele zinapoanzia. Madoa bado yapo, yanachukua miezi kufifia kwenye ngozi yetu. Juzi alinitumia picha kutoka siku ya wazazi, bila skafu, akiwa na madoa yake na nyanya kwenye meno. Nimeiweka skrini ya simu.

Wale waliouliza kama wanaweza kutembea na mimi: Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya daraja la miguu la Roysambu, upande wa Zimmerman. Tunafuata njia ya wapita kwa miguu ya Thika Road hadi Kasarani na kurudi. Ukiwa chini ya miaka 18 kuja na mtu mkubwa. Beba maji, vaa viatu ambavyo havitakulaumu, na mvua ikinyesha tunasukuma hadi wiki ijayo.